Miguu ya Ersilia

Kazi yangu ni kutazama nukta.
Ofisi ya manispaa, Genova, ghorofa ya tatu,
zamu ya saa kumi alfajiri hadi saa sita mchana.
Wazee elfu moja mia mbili na kumi,
kila mmoja na bangili ya plastiki mkononi,
na mimi nimeshika mapigo yao
kama mtu aliyeachiwa funguo za nyumba zisizo zake.

Najua nani kaamka kukojoa mara nne.
Bwana Ottavio huketi ukingoni mwa kitanda
saa kumi na dakika arobaini, kila siku,
kisha hulala tena.
Anamwaza nani? Mashine haiulizi,
nami silipwi kwa swali hilo.

Sheria ni fupi:
asiyefikisha hatua mia nane kwa siku,
wiki tatu mfululizo, jina lake huenda kwa kamati.
Kamati ina basi jeupe.
Basi lina njia moja, mlimani, hadi kwenye Makao
ambako supu haina chumvi
na madirisha hufunguka upana wa vidole vinne.

Mkuu wangu hupenda kusema:
mficha maradhi, kifo humuumbua.
Sawa. Lakini hasemi
anayeyafichua huumbuliwa na nani.

Mwezi wa Februari nikaona jambo.
Mtaa wa Oregina, jengo moja, wanawake wanne
wanatoka pamoja saa mbili na robo,
wanashuka pamoja, wanapumzika pamoja,
mioyo minne inadunda mdundo mmoja
kama mchi mmoja kwenye kinu kimoja.

Nikacheka peke yangu. Nikaelewa.
Ersilia Bavastro, miaka themanini na mmoja,
tarishi mstaafu. Posta ilimfundisha
kila ngazi ya mji huu, hata zile zilizovunjika.
Sasa anabeba mzigo wa namna nyingine:
bangili ya Nives, ya Armida, ya Delfina,
zimepangana mkononi kama za bi harusi,
na yeye huyo, anakwenda kununua mkate,
miguu miwili ikitembea kwa niaba ya minane.

Kwenye fomu kuna kisanduku: *Shaka ya udanganyifu.*
Ni kubofya mara moja tu.
Mama yangu aliondoka na lile basi.
Sikubofya.

Usinipongeze. Ngoja.

Tarehe kumi na tisa Machi
Nives aliteleza bafuni.
Maji, vigae, nyonga.
Na kwenye kioo changu Nives alikuwa akipanda ngazi,
mapigo tisini na nane, nukta ya kijani,
akasimama kidogo mbele ya duka
(bei ya jibini, nadhani, au mbwa wa mtu),
akaendelea.
Dakika themanini nilimwona mzima.

Aliyemkuta ni Ersilia, alipokwenda kurudisha bangili.
Alimfunika kwa koti lake la posta,
akakaa sakafuni, kwenye maji, akamshika mkono
hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Nives hakufa. Naliandika hilo upesi
maana najua mnalisubiri.
Alikwenda hospitali, kisha basi jeupe.

Jumapili nilipanda mlimani kumwona,
mfukoni nina chumvi, nimeifunga kwenye karatasi.
“Wewe ni nani?”
Nilishindwa kutaja cheo changu.
“Mtu wa nukta,” nikasema.
Akanitazama kitambo.
“Basi uliniona siku ile?”
“Nilikuona.”
“Nilikuwa wapi?”
“Kwenye ngazi za kanisa. Ulipanda mia na arobaini.”
“Bila kupumzika?”
“Ulipumzika mara moja tu.”
Akafumba macho, kama mzazi
anayesomewa barua ya mtoto aliye mbali.
Chumvi aliificha chini ya mto.

Leo ni Jumatatu, saa mbili na robo.
Mioyo mitatu inatoka mlangoni, mdundo mmoja.
Kidole changu ki juu ya kisanduku.
Ngazi zimelowa, mvua ilinyesha usiku.
Ersilia anashuka.
Ameshika ukuta.